Frasila, ratili, mani na tola: jinsi ya kuzigeuza kuwa kilo bila kuharibu hesabu

Msomaji aliye katibu wa kikundi cha wakulima wa kahawa karibu na Mbale ametuandikia: "Mwalimu, salaam. Mzee wetu ametuachia daftari za duka na za ununuzi wa mazao, nyingine za zamani sana. Uzito umeandikwa kwa frasila, ratili na mani, mahali pengine tola, na katika daftari za karibuni handredweti. Tunataka kuziweka zote katika kilo. Kwenye simu nimeona frasila ni kilo 15.9, kwingine 16.2, kwingine 16.3. Ipi ndiyo? Tena mnunuzi wetu anatutajia bei ya New York kwa pauni, na nyumbani kina mama bado wanapima maharagwe kwa debe na tumpeko. Utusaidie kubadilisha."

Ndugu katibu, namba zote tatu ulizoziona ni sahihi, kila moja mahali pake. Kipimo cha zamani kilikwenda na bidhaa, mji na zama zake. Kwa hiyo kabla ya kushika kikokotoo, soma kwanza daftari lenyewe, maana mara nyingi ndani yake kuna ushahidi wa kipimo mwandishi alichotumia. Nitakuonyesha jinsi ya kuupata.

Anza kwa kutenganisha vipimo katika mafungu mawili. Frasila, mani, ratili, wakia, tola na handredweti ni vipimo vya uzito: vina namba ya kuzidisha. Pishi, kibaba, debe na tumpeko (kile kikombe cha kupimia sokoni) ni vipimo vya ujazo: havina namba yoyote mpaka useme kilichomo ndani ni nini. Ukiona mtu ameandika tu kwamba "pishi moja ni kilo 2.7", ujue amefikiria nafaka fulani bila kuitaja. Fungu hili la pili nitalirudia baadaye. Katika nakala yako, liweke kwenye safu yake na usilichanganye na la kwanza.

Sasa frasila, kwa kuwa ndiyo inayokusumbua zaidi. Wafanyabiashara wa pwani walipofika Buganda wakati wa Kabaka Suna II, katika miaka ya 1840, walikuja na vipimo vya Zanzibar. Mpango wake ulikuwa huu: wakia 16 hufanya ratili moja, ratili 3 hufanya mani moja, mani 12 hufanya frasila moja. Maana yake frasila ina ratili 36. Wazungu walipoilinganisha na pauni zao, wakaizoea kuwa pauni 35. Katika maelezo yangu nitatumia "pauni" kwa ile ya Kiingereza peke yake, na "ratili" kwa kile kilichoandikwa daftarini, kwa sababu si kila mara ni kitu kimoja.

Pauni ya Kiingereza haina ubishi. Tangu mapatano ya mwaka 1959 ni kilo 0.45359237 kamili, na ile ya kabla ya hapo ilitofautiana nayo kwa kiasi kidogo ambacho mizani ya mazao haiwezi kukiona. Pauni 35 basi ni kilo 15.876. Hiyo ndiyo frasila ya "15.9" uliyoiona.

Ile ya 16.2 inatoka upande mwingine. Wakia ya Zanzibar ilikuwa uzito wa riale moja ya fedha, ile sarafu ya Maria Theresa yenye mwaka 1780 usoni hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye. Sarafu hiyo ikiwa mpya ina gramu 28.07. Zidisha kwa 16 upate ratili ya gramu 449, kisha kwa 36 upate frasila ya kilo 16.17. Na ya 16.3 ilizaliwa baadaye, pale watu walipoanza kuiita pauni ya Kiingereza ratili, huku wakiendelea kuhesabu ratili 36 kwa frasila: 36 mara 0.4536 ni kilo 16.33.

Kati ya ndogo na kubwa kuna tofauti ya karibu gramu 450 kwa kila frasila. Kwenye frasila moja utaipuuza. Kwenye frasila 100 ni kilo 45, gunia zima la karibu kilo 50, na hapo ndipo warithi huanza kutazamana vibaya.

Utajuaje mzee alitumia ipi? Kuna njia tatu, nami ningezijaribu kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni mabaki. Mtu anayeandika "frasila 7 na ratili 12" ametoa frasila kamili na kuandika kilichobaki. Mabaki hayawezi kufikia frasila nzima. Pitia kurasa zote utafute baki kubwa kuliko yote. Ukikuta hata mara moja "ratili 35", frasila yake ilikuwa na ratili 36, kwa sababu kama ingekuwa na 35 angeandika frasila moja zaidi. Usipokuta baki linalozidi 34 katika mamia ya mistari, karibu uwe na hakika kwamba alihesabu 35.

Ya pili ni jumla za chini ya ukurasa, na hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa sababu mstari mmoja tu unatosha. Tuseme juu kuna frasila 2 na ratili 20, kisha frasila 3 na ratili 18. Ratili 20 na 18 ni 38. Kama chini ameandika frasila 6 na ratili 3, ametoa 35. Kama ameandika frasila 6 na ratili 2, ametoa 36. Fanya hivyo kwenye jumla kadhaa, si moja, kwani makarani nao hukosea kujumlisha. Jumla nne au tano zikikubaliana, shauri limekwisha.

Ya tatu ni bei. Kama bei imetajwa kwa frasila na malipo yameandikwa pembeni, gawanya malipo kwa bei upate frasila zenye desimali, kisha uangalie sehemu ya desimali ni ratili ngapi. Chukua mzigo wa frasila 7 na ratili 12 uliolipwa kwa bei ya rupia 10 kwa frasila: kwa frasila ya ratili 35 malipo ni rupia 73 na senti 43, kwa frasila ya ratili 36 ni rupia 73 na senti 33. Tofauti ni ndogo na mara nyingi karani alikata senti, kwa hiyo tumia njia hii pale tu mbili za kwanza zikishindikana.

Ukishajua idadi ya ratili, bado kuna swali la ratili yenyewe: ni ya riale au ni pauni? Mabaki hayatakujibu hilo. Tazama mwaka na vifaa. Kama fedha katika daftari ni riale, na bidhaa ni pembe au vitu vya msafara, tumia ratili ya gramu 449. Kama kuna rupia na mali imeletwa na reli, ambayo ilifika Kisumu mwaka 1901, mizani ya dukani ilikuwa tayari ya pauni, na hapo ratili ni gramu 453.6. Rupia yenyewe iliondolewa mwaka 1920, ikaja florini, kisha shilingi. Kwa hiyo aina ya fedha ukurasani inakupa umri wa kipimo hata kama tarehe imefutika.

Hebu tuupitishe mzigo ule ule kwenye njia zote. Frasila 7 na ratili 12, kwa mpango wa pauni 35 huku ratili ikiwa pauni, ni pauni 257, yaani kilo 116.57. Kwa mpango wa ratili 36 za riale ni ratili 264, yaani kilo 118.55. Kwa ratili 36 ambazo ni pauni, ni kilo 119.75. Uzito ni mmoja daftarini, lakini kati ya jibu la kwanza na la mwisho pana kilo tatu na zaidi. Ndiyo maana sipendi majedwali yanayotoa namba moja ya frasila bila kueleza imetoka wapi.

Mani nayo ina mtego wake, na ni mkubwa. Mani ya Zanzibar ni ndogo, ratili tatu, yaani kilo 1.32 hadi 1.36. Lakini wenye maduka waliotoka India walikuwa na mani yao. Ile rasmi ya serikali ya India ni kilo 37.32, ikiwa na sea 40, na kila sea ina tola 80. Ile ya Bombay ni pauni 28 tu, kilo 12.70. Neno likiandikwa kwa herufi zile zile, makosa yanaweza kuwa mara kumi au mara ishirini na nane. Bahati nzuri makosa makubwa hivyo hujionyesha. Mani 3 za chumvi zilizouzwa kwa familia moja haziwezi kuwa kilo 112, na mani 20 za mchele zilizojaza chumba cha ghala haziwezi kuwa kilo 27. Kama kando ya mani kumeandikwa sea, ni ya India. Kama kando yake ni ratili au frasila, ni ya pwani. Na kama utaona mani zimefika 12 au zaidi bila kugeuzwa kuwa frasila, anza kushuku kwamba si ya pwani.

Kwa tola sitakuchosha. Tola ni gramu 11.664, na imekuwa hivyo kwa masonara wa Kampala kama ilivyo kwa wa Mombasa na Mumbai. Masha 12 hufanya tola moja, kwa hiyo masha ni gramu 0.972. Kipande cha dhahabu cha tola 10 ni gramu 116.64. Makosa ya kawaida hapa hayako kwenye tola, yako kwenye aunsi. Bei ya dhahabu duniani hutajwa kwa aunsi ya dhahabu, ambayo ni gramu 31.1035, si aunsi ya sukari na chai yenye gramu 28.35. Anayegawa bei ya dunia kwa 28.35 ili apate bei ya gramu moja amejiongezea karibu asilimia 10 hewani, na mnunuzi atakapomkatalia atadhani anaibiwa. Tola moja ni aunsi hiyo ya dhahabu 0.375 barabara, yaani tatu ya nane, kwa hiyo hesabu inaweza kufanywa hata kichwani. Karati ya usafi, ile ya 18 au 22 kati ya 24, haihusiani na karati ya kupimia mawe ya thamani, ambayo ni gramu 0.2.

Sasa daftari zako za karibuni, za handredweti. Handredweti ya Kiingereza ni pauni 112, kilo 50.80. Ndani yake kuna robo nne za pauni 28. Makarani waliandika kwa safu tatu, mfano 3-2-14: handredweti 3, robo 2, pauni 14. Wengine waliweka nukta badala ya kistari, na hapo vijana wanaonakili huandika 3.2 kwenye kompyuta na kuitupa ile 14. Hesabu sahihi ni 336 kujumlisha 56 kujumlisha 14, jumla pauni 406, kilo 184.16. Ukiandika 3.2 mara 50.8 unapata kilo 162.56, na kilo 21.6 zimepotea kwa sababu ya nukta. Ile kanuni ya mabaki inafaa hapa pia: pauni za safu ya mwisho hazifiki 28, robo hazifiki 4. Safu ya mwisho ikionyesha 40, basi ama umesoma safu vibaya ama hicho si kipimo cha handredweti.

Aunsi zina ugonjwa huo huo. Pauni 5 na aunsi 8 ni pauni 5.5, kwa kuwa aunsi 16 hufanya pauni. Si 5.8. Geuza kwanza aunsi zote kuwa sehemu ya pauni kwa kugawa kwa 16, ndipo uzidishe.

Tani iangalie kwa makini. Tani ya Kiingereza ni pauni 2,240, kilo 1,016. Ya Marekani ni pauni 2,000, kilo 907. Yetu ya leo ni kilo 1,000. Risiti ya zamani ya Uganda ikisema tani, chukua ile ya kilo 1,016 isipokuwa kuna sababu ya kufanya vingine. Kama katika karatasi za mzee kuna pamba, robota la Uganda la nyakati za pauni lilihesabiwa pauni 400 za nyuzi, yaani kilo 181.4, wakati la siku hizi linahesabiwa kilo 185. Takwimu za pamba za dunia hutumia robota la pauni 480, kilo 217.7. Marobota elfu ya zamani na marobota elfu ya leo si sawa, na mtu anayelinganisha mavuno ya babu na ya mjukuu kwa kuhesabu marobota atapata jibu la uongo. Uhakikishe pia kama uzito ulikuwa wa nyuzi au wa pamba yenye mbegu, kwa kuwa nyuzi ni kama theluthi tu ya pamba inayotoka shambani.

Kuhusu ufupisho wa kichwani: ukiwa sokoni, pauni igawe kwa mbili kisha utoe sehemu ya kumi. Pauni 100 itakupa 45, na ukweli ni 45.36. Kilo kwenda pauni, zidisha kwa mbili uongeze sehemu ya kumi: kilo 50 ni 110, na ukweli ni 110.23. Hii inakutosha kwa kuelewana na mtu. Usiitumie kwenye daftari. Anayetumia 0.45 badala ya 0.4536 kwenye pauni 10,000 anapoteza kilo 36. Shika tarakimu zote za 0.45359237 hadi mwisho, zidisha mara moja, kisha ukadirie mara moja. Wanaokadiria katika kila hatua (frasila kuwa kilo 16, ratili kuwa nusu kilo, kisha kujumlisha) hujikuta mbali na ukweli bila kujua kosa liliingilia wapi.

Turudi kwenye pishi, kibaba, debe na tumpeko. Vibaba vinne hufanya pishi. Kwa nafaka za pwani pishi ilichukuliwa kuwa kama ratili 6, ndiyo maana ile kilo 2.7. Debe la asili ni lile bati la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, lita 18.2. Debe la leo mara nyingi ni mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokatwa mdomo. Tazama basi: "debe" la mwaka 1955 na la mwaka huu tayari yametofautiana kwa karibu lita mbili kabla hatujagusa nafaka. Mahindi makavu mazuri yana uzito wa kama gramu 720 kwa lita, maharagwe kama gramu 770, na karanga zilizomenywa ni nyepesi zaidi. Debe la lita 20 lililosawazishwa kwa ubao litakupa mahindi kilo 14 na kitu. Likiwekwa kilele, linaongezeka kilo kadhaa kulingana na upana wa mdomo, na mkono wa anayepima ndio unaoamua.

Tumpeko ya nusu lita ikisawazishwa inabeba mahindi gramu 360 hivi. Ndiyo maana muuzaji wa soko hujaza kilele: bila kilele haikaribii nusu kilo. Anayenunua kwa gunia kwa kilo na kuuza kwa tumpeko lazima ajue tumpeko yake ina gramu ngapi, la sivyo hajui faida yake.

Kupata namba yenu wenyewe ni kazi ya nusu saa. Pima chombo kitupu na uandike. Jaza kwa njia ile ile mnayotumia sokoni, usitikise wala kugonga kama hamgongi siku zote, kwa kuwa kugonga kunashusha nafaka na kuongeza nafasi. Pima, toa uzito wa chombo. Mwaga, jaza tena, pima tena. Fanya mara tano kwa kila zao na uchukue wastani. Kama vipimo vitano vinatofautiana zaidi ya asilimia tatu au nne, tatizo ni mkono unaojaza, basi sawazisheni kwa ubao kila mara. Rudieni kila msimu, kwani mbegu tofauti ya maharagwe ina umbo tofauti.

Unyevu ni jambo la peke yake, na hapa wakulima wengi huchanganya mambo mawili. Kubadilisha kipimo hakupunguzi mali. Kukausha kunapunguza. Uzito mpya ni uzito wa zamani mara (100 kutoa unyevu wa mwanzo) gawanya kwa (100 kutoa unyevu wa mwisho). Mahindi kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 18 yakikaushwa hadi 13.5 ni 100 mara 82 gawanya kwa 86.5, yaani kilo 94.8. Zile kilo 5.2 ni maji, hakuna aliyeiba. Ukinakili daftari la mzee, usijaribu kurekebisha unyevu wa miaka hiyo. Andika uzito kama ulivyopimwa.

Hivyo hivyo kwa kahawa. Kilo ya matunda mabichi, kilo ya kahawa yenye ngozi na kilo ya buni safi iliyokobolewa ni kilo zilezile kwenye mizani lakini si mali ileile. Kwa arabika ya Mlima Elgon, matunda mabichi kilo tano hadi sita ndiyo hutoa kilo moja ya buni safi, na kahawa kavu yenye ngozi kilo 100 hutoa kama kilo 80. Wenzenu wa Masaka na Mukono wanaouza kiboko cha robusta (matunda yaliyokaushwa na maganda yake) hupata kase (buni iliyokobolewa) kama nusu ya uzito wa kiboko, au zaidi kidogo kikiwa kimekauka vizuri. Kwa hiyo daftari likisema "kahawa frasila 10", tafuta ilikuwa katika hali gani kabla ya kulinganisha na mavuno yenu ya leo.

Hili linanifikisha kwa mnunuzi wenu. Arabika huuzwa soko la New York kwa senti za dola ya Marekani kwa pauni, robusta huuzwa London kwa dola kwa tani ya kilo 1,000. Kugeuza ya New York kuwa dola kwa tani, zidisha senti kwa 22.0462. Tuchukue bei ya mfano, senti 200: ni dola 4,409 kwa tani, dola 4.41 kwa kilo, na dola 264.55 kwa gunia la kilo 60 linalotumika katika hesabu za kuuza nje. Kisha zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo kupata shilingi. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mtu kuchukua senti 200 na kusema "dola mbili kwa kilo". Amejipunja zaidi ya nusu. Kosa la pili ni kuchukua bei hiyo na kuidai kwa kahawa yenye ngozi au matunda. Bei ya New York ni ya buni safi iliyokobolewa na kupangwa, ikiwa tayari kwa mnunuzi wa ng'ambo. Ndani yake kuna gharama za kukoboa, kusafirisha hadi Mombasa na mengineyo. Kwa kahawa yenye ngozi, anza na 0.80 ya bei ya kilo ya buni, ndipo mkae na mnunuzi kuzungumza gharama. Mwambieni azitaje moja moja.

Gunia lenyewe lipimwe. Gunia la katani linakaribia kilo nzima na la plastiki ni gramu mia na kitu. Mnunuzi anayetoa kilo moja kwa kila gunia la plastiki anachukua buni zenu.

Mwisho ni mizani, kwa kuwa namba zote hizi zinaitegemea. Kama mna mizani ya zamani ya kuning'inia yenye alama za pauni upande mmoja na kilo upande wa pili, chagueni upande mmoja mkaufunike ule mwingine kwa karatasi ya gundi. Nimeona mabishano ya siku nzima yaliyotokana na watu wawili kusoma pande mbili. Mizani ya springi huchoka, hasa ikiachwa na mzigo usiku kucha, na mshale haurudi kwenye sifuri. Angalia sifuri kila asubuhi, kisha tundika kitu kizito mnachokijua, mfano mfuko wa sukari wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, na jiwe la kilo 5 au 10 lililohakikiwa.

Kuna jambo jingine linaloigusa Uganda hasa. Mizani ya springi na ile ya kielektroniki hupima mvuto wa ardhi, na hapa kwetu, karibu na ikweta na juu ya nyanda, mvuto ni mdogo kuliko Ulaya. Mizani iliyorekebishwa London na kuletwa bila kurekebishwa upya itaonyesha pungufu la kama gramu 350 kwa kila kilo 100. Mizani ya sahani mbili yenye mawe haina tatizo hilo, kwa sababu mvuto unagusa mzigo na mawe kwa pamoja. Basi, mizani mpya ya kielektroniki irekebishwe kwa mawe ya uzito pale inapotumika, si kiwandani. Shirika la viwango la taifa, UNBS, huhakiki mizani za biashara na kuzibandika alama. Iangalieni tarehe ya alama hiyo kwenye mizani ya mnunuzi kabla hamjamwaga gunia la kwanza.

Kwa nakala yenyewe, tumia safu sita: tarehe, bidhaa na hali yake, kipimo kama kilivyoandikwa neno kwa neno, kipimo ulichoamua na sababu fupi ("frasila ya 35, jumla ya ukurasa wa 12"), namba uliyozidisha, na kilo. Safu ya tatu usiiguse kamwe, hata unapoona kosa la wazi la karani. Lieleze kwenye safu ya nne. Kilo ziandike kwa sehemu moja ya desimali kwa mazao na gramu kwa sehemu moja kwa dhahabu. Pale ambapo jumla hazikubaliani na mabaki hayasemi kitu, andika kilo mbili, ya chini na ya juu, mfano "116.6 hadi 119.7". Daftari lenye mistari michache ya namna hiyo litaaminiwa na mhasibu yeyote kuliko lile ambalo kila mstari una namba moja isiyo na maelezo.